Kukwama Kuliko Kote: Rekodi za Simuleta za Ndege

Muuza kompyuta hakuonyeshi mashine yake kwa simuleta ya ndege. Atakuwekea mchezo wa mpira au wa magari, picha zikiteleza bila doa, nawe utatoa pesa. Ukifika nyumbani ukawasha Microsoft Flight Simulator, ukaegesha Airbus kwenye uwanja wa JFK, New York, jioni ya mvua na mawingu mazito, mashine ileile itaanza kugugumia. Cha ajabu zaidi, kesho yake, uwanja uleule na ndege ileile, mambo yatakwenda vizuri. Keshokutwa itakwama tena.

Kutotabirika huko ndiko kunakowatoa watu jasho. Mashine iliyo nzito siku zote huzoeleka: unashusha mipangilio, unaishi nayo. Ile inayobadilikabadilika haizoeleki, na ndiyo inayowafanya watu wanunue kadi ya michoro wasiyoihitaji. Rekodi zifuatazo zimechaguliwa kwa sababu kila moja inaonyesha mahali fremu zinapokwamia. Hazikupewa nafasi sawa, kwa kuwa hazina uzito sawa.

Njaa iliyokua kuliko zote

Novemba 1982 Microsoft ilitoa Flight Simulator ya kwanza kwa ajili ya IBM PC. Ilikuwa kazi ya Bruce Artwick na kampuni yake ya subLOGIC, ambayo tayari ilikuwa na simuleta kwenye Apple II. Windows ilikuwa haijazaliwa; ilibaki miaka mitatu. Programu ile ilijibana ndani ya KB 64 za RAM na haikuhitaji hata mfumo endeshi: ulichomeka disketi, ukawasha kompyuta, ukajikuta Meigs Field, kiwanja kidogo kando ya ziwa mjini Chicago.

Toleo la 2024 lina orodha ya mahitaji iliyotolewa na Microsoft yenyewe, na kwa anayetaka hali bora kabisa, orodha hiyo inataja GB 64 za RAM. Kutoka KB 64 hadi GB 64 ni mara 1,048,576, kwa miaka 42. Sijui programu nyingine ya nyumbani iliyobaki na jina lake huku hamu yake ikikua kiasi hicho.

Tabia ya kuzibana mashine haikuanza juzi. Miaka ya 1980, kampuni zilipokuwa zikiunda kompyuta za kuiga IBM PC, wanunuzi walikuwa na mtihani wao usio rasmi wenye maswali mawili: je, inaendesha Lotus 1-2-3, na je, inaendesha Flight Simulator? Programu hizo ziligusa maunzi moja kwa moja, kwa hiyo uigaji wowote wa nusunusu uliumbuka papo hapo. Simuleta imekuwa mkaguzi wa kompyuta tangu utotoni.

Namba inayodanganya kuliko zote

Ni wastani wa fremu kwa sekunde. Watu hutambiana nayo, hupiga picha za skrini, hubishana usiku kucha. Lakini hebu tupige hesabu ndogo. Chukua sekunde moja yenye fremu 60. Fremu 59 zichukue milisekunde 8 kila moja. Jumla ni 472. Fremu moja iliyobaki ichukue milisekunde 528. Kaunta itakuandikia 60 kwa fahari, ilhali jicho lako limeona skrini ikiganda kwa zaidi ya nusu sekunde, na kama ulikuwa unagusisha magurudumu kwenye njia ya kurukia, umeshaibamiza ndege.

Aliyeufanya ulimwengu wa uhakiki wa kompyuta ulitazame jambo hili ni Scott Wasson wa The Tech Report. Septemba 2011 alichapisha makala iliyoingia ndani ya sekunde na kupima kila fremu peke yake. Baada ya hapo wahakiki wengi walianza kuandika muda wa fremu, pamoja na kasi ya ile asilimia moja ya fremu mbovu zaidi. Leo mtu yeyote anaweza kupima hivyo bure kwa PresentMon ya Intel au CapFrameX. Kwa ndege ningeshauri uanze hapo kabla ya kugusa kitelezi chochote. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu ina milisekunde 16.7 za kukamilika. Fremu 30 ni milisekunde 33.3, na anayevaa miwani ya uhalisia pepe ya 90 Hz amepewa 11.1 tu. Ukiyajua hayo, mchoro wa muda wa fremu unasomeka: mstari ulionyooka juu ya 33 ni safari tulivu, na mstari wenye miiba kati ya 12 na 60 ni adha, hata kama wastani wake ni mzuri zaidi.

Mwongo wa pili yuko ndani ya Windows. Fungua kidirisha kinachoonyesha kazi za kompyuta, utaona prosesa inatumika asilimia 20, uamini kwamba inapumzika. Prosesa yenye nyuzi 16 ikiwa na uzi mmoja uliojaa hadi pomoni huandikwa asilimia 6.25 tu kwa kazi hiyo. Ni pishi la harusi lenye wapishi kumi na sita, lakini hakuna sahani inayotoka mpaka bibi mmoja aionje. Wengine wamesimama na miiko mikononi, na wastani wa kazi jikoni ni mdogo, ila wageni wana njaa.

Bibi huyo kwenye simuleta anaitwa uzi mkuu. Ndio unaopanga mwendo wa ndege, vioo vya rubani, ndege nyingine zilizo kiwanjani, na vitu vyote vinavyopaswa kuonekana hadi upeo wa macho, kisha unaikabidhi kadi ya michoro kazi ya kuchora. Microsoft Flight Simulator, ukiwasha hali ya wasanidi programu, ina kaunta inayokutajia mchelewaji kwa jina lake: uzi mkuu, uzi wa uchoraji, au kadi ya michoro. Simuleta ya X-Plane nayo ina maandishi yake yanayotenganisha muda wa prosesa na wa kadi. Kwa simuleta isiyo na kaunta ya namna hiyo, punguza azimio la picha hadi nusu. Fremu zisipobadilika, kadi ya michoro haina hatia, na pesa ya kadi mpya ibaki mfukoni.

Kwenye uzi mkuu, mipangilio inayotesa ni michache. Kitelezi cha undani wa ardhi kinaongoza, kwa kuwa ukizidisha umbali mara mbili, eneo linaloizunguka ndege linakuwa mara nne. Baada yake ni idadi ya ndege na magari ya kiwanjani, kisha kasi ya kuchora upya skrini za ndani ya ndege. Vivuli, mawingu na uakisi wa maji ni mambo ya kadi ya michoro. Wengi hushusha mawingu kwanza kwa sababu yanaonekana mazito, kumbe mwenye kosa ni gari la mizigo lililoegeshwa nyuma ya jengo la abiria.

Aliyelaumiwa kuliko wote

Hapa mshindi hana mpinzani: Flight Simulator X (FSX), iliyotoka Oktoba 2006. Ilipangwa wakati viwanda vya prosesa vilikuwa vikipandisha kasi ya saa mwaka hadi mwaka, na wabunifu wengi wa programu walitegemea kiini kimoja kitakachozidi kukimbia. Lakini Pentium 4 ilifika 3.8 GHz mwishoni mwa 2004 ikagota. Intel ikageuza njia, na Julai 2006, miezi mitatu tu kabla ya FSX kutoka, Core 2 Duo ikaingia sokoni ikiwa na viini viwili na kasi ya saa iliyo chini zaidi. Simuleta ikawa imefika kituoni baada ya gari kubadilisha barabara. Mwaka uliofuata kiraka cha kwanza kiliruhusu viini vya ziada visaidie kupakia sura ya ardhi, lakini mzigo mkubwa ulibaki kwa uzi mmoja.

Watu waliinunua, ikagugumia, na wakazaa utamaduni mzima wa kuchokonoa. Faili moja la maandishi, fsx.cfg, likawa dawa ya kila ugonjwa. Uliongeza mstari wa HIGHMEMFIX=1, ukaandika AffinityMask ili kuamua viini vitakavyotumika, ukacheza na BufferPools, na kila jirani alikuwa na namba zake alizoziapia. Mstari wa kwanza ulikuwa wa kweli. Ulizuia picha kutoweka kumbukumbu ilipobanwa, na toleo la Steam la Desemba 2014 lilikuja nao umeshawekwa ndani. Mingine mingi ilisaidia mashine moja na kuumiza nyingine. Aliyebandika mistari kumi kwa mpigo hakuweza kujua ipi ilimfaa. Ugonjwa huu haujaisha: hadi leo kuna wanaonakili mipangilio ya mtu mwenye kompyuta tofauti kabisa, halafu wanashangaa.

FSX pia inashikilia rekodi ya kifo kinachouma kuliko vyote. Ilikuwa programu ya biti 32, kwa hiyo hata ukiwa na RAM kiasi gani, anwani zake ziliishia GB 4. Mandhari, ndege ya kina, hali ya hewa na kiwanja cha kununua vilijazana humo taratibu. Rubani aliondoka London, akavuka bahari, akakaa saa nyingi mbele ya skrini. Alipokuwa anakaribia kiwanja cha mwisho, simuleta ikaanza kupakia majengo ya huko, ikavuka mpaka wake, ikafa na ujumbe kwamba kumbukumbu imekwisha. Tiba haikuwa kitelezi chochote. X-Plane ilihamia biti 64 mwaka 2013, na Prepar3D ya Lockheed Martin, iliyorithi msimbo wa familia ya FSX, ikafuata mwaka 2017. Kifo cha namna ile kikazikwa.

Kilichobaki ni ndugu yake mdogo: kumbukumbu ya kadi ya michoro. Ikijaa, programu haifi. Data inamwagika kwenye RAM ya kawaida na kupitia njia nyembamba ya ubao mama, yenye takriban GB 32 kwa sekunde ikiwa ni PCIe 4.0 ya njia 16, wakati kumbukumbu ya kadi yenyewe inapitisha mamia ya GB. Ndipo unaona fremu 40 zikishuka hadi 6 ghafla, mara nyingi baada ya kugeuza kamera kiwanjani, na hazipandi tena mpaka uzime na kuwasha. X-Plane, tangu ilipohamia mfumo wa uchoraji wa Vulkan katika toleo la 11.50 mwaka 2020, huchagua njia nyingine: inapunguza ubora wa picha za nyuso, na unajikuta unatazama vibao vyenye ukungu. Ukiona ukungu huo usikimbilie kupima macho. Shusha ubora wa picha za nyuso hatua moja.

Polepole iliyoshinda kasi

Aprili 2022 AMD ilitoa Ryzen 7 5800X3D. Kwenye karatasi ilikuwa imerudi nyuma: kasi ya juu 4.5 GHz, ilhali ndugu yake 5800X ilifika 4.7. Tofauti ilikuwa akiba ya ndani ya prosesa, MB 96 badala ya 32, iliyopachikwa juu ya kiini. Kwenye michezo mingi faida ilikuwa ya wastani. Kwenye simuleta za ndege ilikuwa kubwa mno, kwa kuwa uzi mkuu hushinda ukitafuta vipande vidogovidogo vya data vilivyotawanyika, na kila safari ya kwenda kwenye RAM ni kusubiri. Baadaye warithi wake, 7800X3D na 9800X3D, wakawa jibu la kwanza anapouliza mtu anunue prosesa gani ya kurushia ndege.

Hata hivyo, dada yao mkubwa wa mwaka 2023, 7950X3D, alitoa mfano bora wa mashine ya bei kali inayobadilika tabia. Ana viini 16 katika mabonge mawili, na ni bonge moja tu lenye akiba kubwa. Windows ikiiweka simuleta upande sahihi, inaruka. Ikiipeleka upande wa pili, au ikiirusharusha kati ya mabonge mawili, unapata matokeo ya kompyuta mbili tofauti kwa siku mbili. Wenye nayo walijifunza kuangalia kama draiva ya AMD na kidirisha cha michezo cha Xbox vinatambua kwamba kinachoendeshwa ni mchezo.

Kuna jambo la bei nafuu zaidi ambalo hujificha hapohapo. RAM iliyoandikwa 3200 kwenye boksi mara nyingi huanza kazi kwa 2133 mpaka uingie kwenye mipangilio ya ubao mama na kuwasha wasifu wake. Ya DDR5 iliyoandikwa 6000 inaweza kukaa 4800 maisha yake yote. Na kijiti kimoja cha RAM badala ya viwili kinapunguza njia ya data kwa nusu. Mafundi wengi wa mitaani wanaiacha hivyohivyo, si kwa ubaya, ni kwa sababu mteja akishaona skrini imewaka hulipa na kuondoka.

Zawadi kubwa ya siku moja

Tarehe 27 Julai 2021, Sasisho la Simuleta namba 5. Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa, ilitaka kuiingiza Microsoft Flight Simulator ndani ya Xbox Series X na S, na sanduku lile halina RAM ya kuchezea, kwa hiyo injini ilibidi iandikwe upya sehemu nyingi. Wenye kompyuta wakafaidika bila kulipa. Kwenye onyesho la awali, mashine ya Core i7-9700K yenye RTX 2060 Super ilitoka fremu thelathini na kitu ikafika karibu 60.

Zawadi ile ilikuja na deni lake. Ili kuokoa kumbukumbu, simuleta ilianza kutupa mandhari isiyotazamwa. Ukigeuza kichwa kuangalia bawa la kushoto, milima ilikuwa haipo, kisha ikachipuka mbele ya macho yako. Malalamiko yalikuwa mengi, na baadaye ukaongezwa mpangilio wa kuhifadhi mapema ardhi iliyo nje ya skrini. Anayeona vitu vikichipuka kila anapogeuka aanzie kwenye mpangilio huo, na anayebanwa na RAM ajue kwamba ndio unaomla.

Jengo refu kuliko yote, na foleni ndefu kuliko zote

Toleo la 2020 lilibeba kitu ambacho hakuna diski ya nyumbani ingekimudu: zaidi ya petabaiti 2 za ramani na picha za Bing zilizokaa kwenye seva za Azure, zikishuka kwako kadiri unavyoruka. Aerosoft waliuza boksi la DVD 10 za tabaka mbili kwa wasiotaka kupakua kila kitu, na hata hizo zilikuwa na sehemu ndogo tu ya dunia hiyo.

Majengo yasiyopigwa picha yalikisiwa na programu kwa kutumia data ya OpenStreetMap. Mtu mmoja alikosea kidole akaandika ghorofa 212 kwenye nyumba ya ghorofa 2, kitongoji cha Fawkner, Melbourne. Marubani wa Agosti 2020 wakakuta mnara mwembamba umesimama peke yake juu ya vibanda, wakaugeuza mahali pa kuhiji, na wengine wakajaribu kutua juu yake. Mnara ule haukukwamisha fremu. Nauweka hapa kwa kuwa unaonyesha jinsi kilicho mbele yako kinavyotegemea mambo yaliyo mbali na kompyuta yako.

Uthibitisho wa uchungu ulikuja 19 Novemba 2024. Toleo jipya lilikuwa limepunguza mzigo wa diski hadi takriban GB 50 kwa kupeleka karibu kila kitu, hata ndege zenyewe, kwenye seva. Siku ya kwanza watu walikaa wakitazama mstari wa kupakia uliogoma kwenye asilimia 97. Jorg Neumann wa Microsoft na Sebastian Wloch wa Asobo walijitokeza kwa video kuomba radhi, wakaeleza kwamba walikuwa wamejaribu mfumo kwa watumiaji bandia 200,000, na hifadhidata ilizidiwa ilipokutana na umati halisi. Siku hiyo hakukuwa na kitelezi cha kushusha. Ukinunua kadi ya michoro kwa sababu ya asilimia 97, umeitibu mashine isiyo mgonjwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu zaidi ya kulijua hili. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikadorora kwa siku kadhaa. Simuleta inayohitaji angalau Mb 10 kwa sekunde, na inayopendekeza 50, haiwezi kuwa na siku njema wakati huo. Mtandao ukilegea, dalili ni tofauti na za prosesa: fremu zinaweza kubaki nyingi tu, lakini ardhi inakuwa tope, majengo yanayeyuka, na kunatokea vituo virefu visivyo na mpangilio. Zima data ya mtandaoni kwa dakika kumi. Ukiona vituo vimekoma, basi tatizo liko kwenye mtandao.

Rahisi kuliko zote, na isiyopendwa

Funga fremu kwenye 30. Ushauri huu hukataliwa na kila anayeusikia mara ya kwanza, hasa aliyenunua kompyuta ya mamilioni. Lakini skrini ya kawaida ya 60 Hz hubadilika kila milisekunde 16.7. Fremu inayochukua milisekunde 25 haigawanyiki humo: moja inaonyeshwa mara moja, inayofuata mara mbili, na jicho linaona mrukoruko hata kaunta ikisema 40. Kwa 30 kamili, kila fremu inaonyeshwa mara mbili, bila ubaguzi, na uzi mkuu unapata nafasi ya kupumua kabla ya kiwanja kikubwa kuingia. Ndege ya abiria haifanyi mambo ya ghafla; haihitaji wepesi wa mchezo wa risasi. Mwenye skrini ya G-Sync au FreeSync, inayofuata kasi ya fremu, anaweza kufunga kwenye 40 au 45 akapata raha ileile. Marubani wa ndege za kivita ndio wenye haki ya kulalamika, ingawa hata simuleta yao ya DCS World ilisubiri hadi 2023 kupata mfumo wa nyuzi nyingi.

Kinyume chake ni kosa lisiloonekana kuliko yote, na liko X-Plane. Fremu zikishuka chini ya takriban 20 kwa sekunde, X-Plane hupunguza mwendo wa saa yake ili hesabu za mabawa zisivurugike. Ndege inaonekana laini, kipimo kinasoma mafundo 450, kumbe ardhi inapita kwa kasi ndogo zaidi. Ukiwa peke yako hutajua. Ukiwa kwenye VATSIM, mtandao wa marubani na waongoza ndege wa simuleta, mwongoza ndege anakuona unajikokota na aliye nyuma yako anakukaribia mkiani. Linganisha saa ya simuleta na ya mkononi kwa dakika tano. Zikiachana, umepata jibu.

Safari ndefu na safari fupi

Safari ndefu kuliko zote za abiria bila kutua ni ya Singapore hadi New York, takriban kilomita 15,300 na karibu saa 19 kwa ratiba. Wapo wanaoirusha yote kwenye simuleta, na ni mtihani mzuri wa uvujaji wa kumbukumbu. Kwa kutafuta chanzo cha kukwama, hata hivyo, ni kipimo kibovu, maana huwezi kuirudia jioni moja.

Chukua iliyo fupi: Zanzibar hadi Dar es Salaam, kama kilomita 70, kwa Cessna Caravan, ndege ambayo hata kampuni halisi huitumia kwenye njia hiyo. Weka saa nne asubuhi, anga safi, hali ya hewa isiyo ya mtandaoni, bila ndege nyingine. Kwenye Microsoft Flight Simulator, badilisha jina la folda ya Community ili nyongeza zilizomo zilale. Katikati ya bahari hakuna cha kuchora zaidi ya maji, kwa hiyo kigugumizi kitakachotokea hapo hakitokani na mandhari. Kikija kwa vipindi sawasawa, shika saa: kila dakika moja huenda ni programu inayohifadhi safari yenyewe, kama nyongeza ya FSUIPC iliyoachwa iweke kumbukumbu ya safari; vipindi vingine huwa ni kizuia virusi, programu ya taa za kibodi, au Windows inayozima mlango wa USB wa fimbo ya rubani ili kuokoa umeme. Ukikaribia Kigamboni na Kariakoo, majengo yanaingia, na kigugumizi kinachoanzia hapo ni cha uzi mkuu au cha kumbukumbu ya kadi.

Kwa wenye kompyuta ya mapajani, hakikisha waya umechomekwa na umeme upo. Ikihamia kwenye betri, kadi ya michoro hupunguziwa nguvu mara moja na fremu huanguka bila ujumbe wowote. Joto nalo lina mwendo wake: dakika kumi za kwanza nzuri, kisha mteremko wa polepole kadiri prosesa inavyokaribia nyuzijoto 95 au 100. Chumba cha Mombasa mwezi wa Februari kinaweza kuleta tofauti ambayo mtu wa Nairobi mwenye mashine ileile hataiona.

Rusha njia hiyo mara mbili mfululizo bila kugusa chochote. Safari mbili zikifanana, rudisha nyongeza mojamoja mpaka mkosaji ajitokeze. Zikitofautiana, achana na vitelezi. Pima joto, umeme, mtandao na programu zinazofanya kazi kwa nyuma.